Povu la Bwana Afya

Esteria alikuwa mtu wa kujua. Hilo watu wa Makere walilikubali, wengine kwa heshima, wengine kwa kuguna. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mhamasishaji wa usafi katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, akizunguka mahemani na kipaza sauti, akifundisha watu kunawa mikono, kuchimba vyoo na kutia klorini kwenye maji ya kunywa. Huko walimwita Mama Klorini, na jina hilo likamganda hata aliporudi kijijini. Yeye mwenyewe alilipenda kuliko jina alilobatizwa.

Kambi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na malori yakamaliza kuwarudisha watu Burundi, Esteria alirudi kwake Makere akiwa na begi moja, cheti chenye fremu ya kioo, na paka. Mume alishafariki zamani. Binti yake wa pekee, Aneth, alikuwa ameolewa Kibondo na alikuja kumwona mara moja kwa mwaka, akikumbuka. Kwa hiyo nyumbani kwa Esteria walikaa wawili: yeye na huyo paka, dume la rangi ya majivu lililozaliwa kwenye stoo ya kambi katikati ya maboksi ya sabuni. Alimpa jina la Bwana Afya, kwa sababu aliingia kila jiko bila hodi, akanusa kila sufuria, akatoka bila kuaga, uso umekunjamana kwa kutoridhika na alichokiona. Esteria alimpenda, na hakuona haya kusema hivyo. Kila kitu kingine alichokuwa nacho Mtabila kiling'olewa pamoja na mahema, akabaki huyo paka.

Mwezi wa saba wa mwaka uliofuata, Bwana Afya alianza kujikuna masikio. Mwanzoni alijikuna kidogo tu. Baada ya wiki mbili akawa anajikuna mpaka analia, anatikisa kichwa mpaka masikio yanapiga makofi, anaacha chakula katikati na kukimbia kinyumenyume. Esteria alimpakata, akafunua sikio moja, akachungulia. Ndani kulikuwa na uchafu mweusi mkavu, kama machicha ya kahawa.

Basi, uchafu ni uchafu. Mtu aliyesimamia vyoo vya maelfu ya watu angeshindwaje na masikio mawili ya paka? Alijaza maji kwenye beseni, akachukua kipande cha sabuni ya mche, akaongeza na kifuniko kimoja cha klorini kwa kuwa ndivyo mkono ulivyozoea, akamkamata Bwana Afya shingoni na kumimina.

Bwana Afya hakusubiri mafundisho. Alimparura Esteria mikono yote miwili, akapindua beseni, akarukia nje dirishani akiwa na sabuni kuanzia usoni mpaka kifuani. Paka akichafuka hujilamba. Huyu alijilamba huku anakimbia, na kadiri alivyojilamba ndivyo povu lilivyomjaa mdomoni.

Sasa, siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na saa ileile, uwanjani kwa Leonidasi, mwenyekiti wa kitongoji, kulikuwa na mkutano wa ajenda moja: kichaa cha mbwa. Mbwa wa kitongoji cha jirani alikuwa ameng'ata watu wawili, wakapelekwa Kasulu kuchomwa sindano, na watu walikuwa na hofu ya kweli. Afisa mifugo wa kata, kijana wa Kichaga kutoka Rombo aitwaye Brighton, alikuwa amesimama mbele akieleza dalili za ugonjwa moja baada ya nyingine. Alikuwa amefika kwenye povu la mdomoni ndipo Bwana Afya alipoingia.

Sitasema nani alimkanyaga nani. Mabenchi yalipinduka. Mzee mmoja wa kanisa alionekana juu ya paa la banda la mbuzi, na mpaka leo hajaeleza alifikaje. Pasikali, mgambo wa kitongoji, alirusha rungu likampata mwenyekiti kwenye kifundo cha mguu. Bwana Afya alizunguka uwanja mara mbili akitikisa kichwa, povu likiruka huku na huku, kisha akarudi mbio nyumbani na kujichimbia chini ya kitanda. Dakika chache baadaye mkutano wote ulikuwa umehamia mlangoni kwa Esteria, mwenyekiti akiwa mbele, anachechemea.

"Mama Aneth," Leonidasi alisema, "paka wako ana nini?"

Hapa ndipo Esteria alipokosea, na kosa hili lilikuwa kubwa kuliko la klorini. Viwiko vyake vilikuwa bado na sabuni. Angesema tu kwamba alimwosha, watu wangecheka, wangerudi mkutanoni. Lakini mbele yake walisimama wanawake aliowasumbua tangu arudi kuhusu usafi wa kila kitu, toka mitungi hadi kucha. Aanze kuwaambia kwamba yeye, Mama Klorini, ameosha masikio ya paka akamtia wazimu?

"Alikunywa maziwa," alisema. "Hilo ni povu la maziwa."

"Na kutikisa kichwa?" aliuliza Pasikali. "Wiki mbili hizi namwona anatikisa kichwa. Nayo ni maziwa?"

Leonidasi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wajukuu sita wanaocheza nje. Alisema kwa upole kwamba paka lazima auawe kabla jua halijazama, na kwamba Pasikali atafanya upesi. Esteria akasimama mlangoni, akashika miimo yote miwili, akasema wamuue yeye kwanza. Waliomfahamu walijua kwamba hatanii.

Brighton ndiye aliyeokoa hali. Aliomba aingie peke yake, akapiga magoti, akamulika chini ya kitanda, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alisema, "Mwenyekiti, mnyama mwenye kichaa akishafika hatua ya povu hamalizi siku kumi. Tumfungie. Akifa, tutajua. Akiwa mzima, pia tutajua."

Leonidasi alijikuna kidevu. "Siku kumi ni Jumapili ya wiki ijayo. Baada ya ibada aletwe uwanjani kwangu, watu wote wamwone. Akitikisa kichwa mbele yangu namna ile, sitasikiliza tena maneno ya mtu."

Watu walipotawanyika, Brighton alibaki nyuma.

"Shikamoo tena, mama."

"Marahaba, baba."

"Paka wako ananukia sabuni ya kufulia."

Esteria alikaa kwenye kigoda, akamweleza yote: beseni, kifuniko cha klorini, na ile aibu. Brighton hakucheka, ingawa alilazimika kukohoa mara mbili. Alimvingirisha paka kwenye taulo, akamulika masikio kwa tochi ya simu. Akasema, "Nadhani ni wadudu wa masikioni. Ni wadogo sana, kwa macho huwaoni, unaona uchafu wao tu. Ila mimi nimesomea ng'ombe, mama. Paka tuliwasoma siku moja, na siku hiyo nilikuwa naumwa. Ngoja nimpigie mwalimu wangu."

Akapiga palepale, mbele yake, akauliza kama mwanafunzi, akaandika majibu kwenye kiganja. Esteria alimtazama kwa mshangao. Kijana ana cheti, ana pikipiki ya serikali, na anasema hajui mbele ya mtu bila hata kuinamisha uso.

"Maji, hapana," Brighton alisema alipokata simu. "Sabuni, klorini, spiriti, mafuta ya taa, vyote hapana. Ngozi ya ndani ya sikio ni laini sana, na maji yakibaki mle yanaleta kidonda. Usiingize kijiti pia, hata kama kina pamba. Utausukuma uchafu ndani na unaweza kutoboa ngoma ya sikio. Chukua mafuta safi ya alizeti, matone matatu au manne, yawe vuguvugu kama ngozi ya mkono wako. Kanda hapa chini, kwenye shina la sikio, mpaka usikie linachururika. Mwache atikise kichwa. Uchafu ukipanda juu, upanguse kwa pamba uliyozungushia kidole, pale unapopaona tu. Usipopaona, achana napo."

"Na hali ikiwa mbaya?"

"Ukiona damu, usaha, harufu mbaya, au kichwa kimelala upande mmoja, acha kila kitu unipigie."

"Siku kumi atapona?"

Brighton alitazama kiganja chake. "Atapata nafuu. Kupona kabisa ni wiki tatu, nne, maana mayai ya wale wadudu yanaendelea kuanguliwa."

Siku kumi, na dawa ya wiki nne. Esteria alihesabu upya, ikawa vilevile.

Kazi ilianza Ijumaa asubuhi, na Ijumaa hiyohiyo asubuhi ikamshinda. Bwana Afya alikuwa amefungiwa chumba cha uani. Esteria alimfunga kwa taulo, ukatoka mguu; akarudisha mguu, kikatoka kichwa; akashika kichwa, akatoka paka mzima. Mafuta yalimwagika kila mahali isipokuwa sikioni. Jirani yake Immakulata aliyatazama hayo yote kupitia mlango wa uani, huku anatafuna mhindi wa kuchoma. Immakulata alizaliwa Burundi, akakimbilia huku akiwa msichana, akaolewa Makere, na sasa alikuwa raia kama wengine, mwenye shamba la maharage na watoto tisa.

"Mama Aneth, unapigana naye," alisema. "Wewe hukulea?"

"Nimelea mmoja."

"Ego," alisema Immakulata, yaani ndiyo. "Inaonekana."

Aliweka mhindi chini, akafungua kitenge cha juu alichojifunga. "Kwetu hii tunaita ingobyi. Nyinyi mnasema mbeleko. Mtoto akikataa dawa hatumkamati, tunambeba." Akainama, akamweka Bwana Afya mgongoni, miguu yote minne ndani, akakaza kitenge mpaka kikabaki kichwa peke yake begani. Kisha akaanza kunesanesa taratibu, kama anavyonesa kila mama wa huku akisubiri ugali uive. Bwana Afya alifungua mdomo alie, akasahau alichotaka kulilia, akaufunga.

"Sasa tia mafuta yako," Immakulata alisema. "Na wewe shusha pumzi. Anakusikia unavyohema."

Huko Mtabila Esteria alikuwa ameona maelfu ya wanawake wakibeba watoto namna hiyo, akiwa na kipaza sauti mkononi, na hata siku moja hakuwaza kwamba kuna la kujifunza kwao. Alipasha mafuta kwa kuishika chupa kwapani. Akadondosha matone matatu, akakanda shina la sikio kwa vidole viwili, akasikia: churu, churu. Alipoachia, Bwana Afya alitikisa kichwa, mafuta na uchafu vikamrukia Esteria usoni. Akapangusa uso wake, kisha akazungusha pamba kidoleni na kupangusa sikio. Pamba ilitoka nyeusi. Aliiinua kumwonyesha Immakulata kwa furaha ambayo si kawaida mtu kuionyesha kwa uchafu.

Wakaendelea hivyo kila asubuhi. Jumapili Bwana Afya alimaliza bakuli zima la dagaa. Jumanne alilala ubavu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mwezi mzima, na Esteria alikaa karibu yake akimtazama tu. Jumatano pamba ilitoka na rangi ya chai. Lakini kichwa bado alikitikisa. Esteria alihesabu: Jumatatu mara thelathini na moja, Alhamisi mara tisa. Brighton alipopita aliwaambia wapumzishe mafuta kuanzia Ijumaa, yasije yakamtekenya siku ya kuonekana. Jumamosi kutwa nzima alikitikisa mara nne.

"Mara nne kutwa," Esteria alisema. "Na uwanjani tutakaa kama saa moja."

"Tuombe Mungu, mama," Brighton alijibu, na hilo halikumtuliza mtu.

Jumapili ibada iliisha mapema kuliko kawaida. Naona watu hawakuimba beti zote. Esteria alikwenda kwa mwenyekiti akiwa amembeba Bwana Afya mgongoni kwa mbeleko, na vicheko vilianza tangu barabarani. Hakujali. Alimshusha juu ya meza iliyowekwa katikati ya uwanja, akamshika kifuani kwa mikono miwili. Watu walisimama mbali. Pasikali peke yake alisogea, rungu kwapani.

Brighton aliweka bakuli la maji. Bwana Afya alinusa, akanywa, watu wakanong'ona. Akapewa dagaa, akala. Brighton alimulika masikio yote mawili akasema ni masafi. Leonidasi alisogea hatua moja, halafu nyingine, akamtazama paka machoni.

"Naona mzima," alisema.

Na Bwana Afya akatikisa kichwa.

Alikitikisa kwa nguvu zote, masikio yakapiga makofi kama siku ile. Watu walirudi nyuma kwa pamoja. Leonidasi alifumba macho kidogo, kisha akamtazama Pasikali, na Pasikali akatoa rungu kwapani.

"Mwenyekiti, hao ni wadudu tu," Brighton alianza.

"Nilisema, na mlinisikia wote," Leonidasi alijibu, na sauti yake haikuwa na raha. "Mambo ya masikio siyajui. Lakini lile povu nililiona kwa macho yangu. Maziwa hayatoi povu namna ile."

Hapo Esteria alielewa kwamba kinachomuua paka wake si kutikisa kichwa. Ni maziwa yale aliyoyataja yeye mwenyewe. Akamkabidhi Bwana Afya kwa Immakulata, akaenda pembeni mwa uwanja penye kibuyu chirizi, lile dumu la kunawia mikono lililoning'inizwa kwenye miti, ambalo kila kaya ilikuwa nalo kwa sababu yeye aliwasumbua mpaka wakaweka. Akachukua sabuni iliyofungwa kwa kamba, akailowesha, akaisugua kwa viganja mpaka ikafura, halafu akailamba. Akailamba tena na tena, mara nne, tano, akasukutua kwa maji kidogo, akageuka.

Povu lilimjaa mdomoni, likashuka kidevuni, likadondokea gauni lake la kanisani. Watu wakamtazama wasiamini.

"Haya, Pasikali," alisema, na kila neno lilitoka na mapovu yake. "Nipige na mimi."

Pasikali alirudi nyuma hatua moja.

"Nilimwosha. Ni mimi. Nilimmwagia sabuni na klorini masikioni, kwa sababu nilidhani najua. Akakimbia, akajilamba, akatoka povu kama mnavyoniona mimi. Nikaona aibu, nikawaambia maziwa. Tangu nirudi nawafundisha usafi, na sikio la paka sikulijua. Nimefundishwa na huyu kijana, nikafundishwa na Immakulata. Mwongo ni mimi. Paka hana kosa."

Leonidasi ndiye aliyeanza. Kilianza kama kikohozi, kikapanda mabegani, kikamshinda, akalazimika kushika meza. Kisha uwanja mzima ukaangua kicheko, wazee kwa watoto, mpaka yule mzee wa kanisa aliyepanda paa. Immakulata akapiga vigelegele huku paka yuko mikononi. Esteria alisimama pale, sabuni inamchoma ulimi, akicheka na wao. Siku kumi alikuwa amekiogopa kicheko hicho kuliko rungu, na sasa kimefika, kumbe hakiumi. Alikuwa na furaha kubwa, furaha ambayo hakuwa nayo tangu malori yaondoke Mtabila.

"Mama Aneth," Leonidasi alisema akifuta machozi, "nawa mdomo kwanza. Paka wako ni mzima, nimesema mbele ya wote. Na wewe pia mzima, nadhani."

Alikuwa bado anasukutua pale mama mmoja alipoita kutoka nyuma kwamba paka wake naye anajikuna hivyohivyo, na kwamba mume wake alitaka kumtia mafuta ya taa. Mwingine akasema wa kwao tayari ametiwa. Wakaanza kusogea, mmoja mmoja, mpaka wakaizunguka meza. Wakamuuliza Mama Klorini masikio ya paka yanasafishwaje.

Esteria alikuwa amesimama mbele ya watu mara nyingi zisizo na idadi, na kila mara alianza kwa kusema, "Sikilizeni vizuri." Safari hii alifuta kidevu kwa kiganja akasema, "Nianze na nilivyokosea." Akawaeleza kuhusu maji, sabuni na vijiti, na kwa nini ni mwiko. Akamwomba Immakulata aeleze mbeleko, kwa kuwa hilo lilikuwa somo lake. Kisha akatazama huku na huku akitafuta mgongo mpana.

"Pasikali, weka hilo rungu chini. Njoo."

Mgambo alikuja polepole, na viatu vyake vikubwa. Immakulata akamwinamisha, akamweka Bwana Afya mgongoni, akakaza kitenge juu ya sare. Pasikali alisimama wima, mikono imening'inia hewani, hataki hata kupumua. Esteria akapasha kwapani mafuta yaliyoletwa kutoka jikoni kwa mwenyekiti, akadondosha matone matatu, akaanza kukanda. Watu walinyamaza wasikilize. Bwana Afya alikaza shingo kidogo, akailegeza, akalaza kidevu kwenye bega la Pasikali.

"Mama," Pasikali alisema kwa sauti ndogo, bila kugeuza kichwa. "Kuna kitu kinanguruma mgongoni."

"Amefurahi huyo," Esteria alisema. "Mbembeleze."

Na Pasikali, mbele ya kitongoji kizima, akaanza kunesanesa.